Bwana Nyama

Ukipita vijiji vya Liwale na Rufiji, hapa Tanzania, kando ya pori la Selous kama lilivyokuwa kabla ya kugawanywa mwaka 2019, utawasikia wazee wakimwita ofisa wa wanyamapori "Bwana Nyama". Jina hilo ni la tangu enzi za mkoloni. Leo nataka tulitazame kwa karibu, maana ndani yake lugha mbili zinabishana.

Kwa Kiingereza bwana huyo aliitwa "game ranger". Neno "game" hata mwanafunzi wa darasa la tatu analijua: ni mchezo. Ni mpira, ni bao, ni karata, ni gemu ya kwenye simu. Lakini hakuna kijiji kilichomwita Bwana Mchezo. Watu walitazama anachokilinda, wakaona ni nyama. Na nyama kwetu ni kitoweo, na tena ni kiumbe mwenyewe aliye hai porini.

Mwingereza alifikaje kumwita swala mchezo? Katika Kiingereza cha kale, neno hilo lilimaanisha furaha na burudani. Burudani kubwa ya wafalme na makabaila ilikuwa kuwinda, basi jina la burudani likahamia kwa anayewindwa, likamfuata mpaka kwenye sahani. Hata leo, mtu ambaye kila mmoja anajiona ana ruhusa ya kumshambulia, Mwingereza humwita "fair game", yaani windo halali.

Halali kwa nani? Hapo ndipo sheria ilipoingia. Mwaka 1671 Bunge la Uingereza liliweka sharti: mtu wa kawaida asiwinde mpaka awe na ardhi inayoingiza pauni 100 kwa mwaka. Mkulima mdogo alimwona sungura akitafuna mboga katika shamba lake mwenyewe, na hakuruhusiwa kumgusa. Sharti hilo lilidumu mpaka 1831. Kwa hiyo neno hilo lilipopanda meli kuja huku, lilikuja na wenyewe.

Huku kwetu Wajerumani walitangulia. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitangaza kanuni za uwindaji zilizodai leseni, akatenga mapori, mojawapo huko Rufiji. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yakakutana London kuandika mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, na kwenye meza ile Waafrika wenyewe hawakuwa na kiti. Waingereza walipoichukua Tanganyika, mwaka 1921 wakatunga sheria yao yenye neno "game" kwenye jina lake. Babu aliyetega mtego kama alivyofundishwa na baba yake alilala mwindaji, akaamka jangili.

Baada ya Uhuru, sheria ya 1974 iliandikwa kwa jina la wanyamapori, na ile ya 2009 ikafuata. Jina likabadilika, lakini fikra ya zamani haikuondoka yote. Katika kazi hii ya redio nasoma habari nyingi za mahakamani. Mara kwa mara nakutana na mshtakiwa "aliyekutwa na nyara za serikali". Nyara, msikilizaji, ni vitu vinavyotekwa vitani. Nikishuka mstari wa pili nazikuta nyara zenyewe: vipande vya nyama ya swala, kisu, na waya wa kutegea. Kila nikifika hapo ulimi wangu huwa mzito.

Sisemi watu waachiwe wamalize wanyama. Mwaka 1976 tembo wa Selous na maeneo yanayoizunguka walihesabiwa wakawa takriban 109,000. Mwaka 2013 walikuwa wamebaki takriban 13,000. Hiyo ni kazi ya magenge ya meno ya tembo, na askari wetu wa wanyamapori wamepoteza maisha wakipambana nayo. Lakini tukimwita jangili mwenye bunduki ya kivita, na jangili vilevile mwenye waya mmoja anayetafuta kitoweo, neno moja limebebeshwa watu wawili wasiofanana, na mzigo wote unamwangukia mnyonge.

Na wanaoishi jirani na wanyama hao nimewaona. Niliwahi kukesha juu ya dungu huko Rufiji, mpunga ukiwa umeshakomaa. Mwenye shamba alikuwa na debe, rungu na moto wa kuni. Usiku wa manane tukasikia mabua yakivunjika. Tulipiga debe mpaka mikono ikafa ganzi. Kulipokucha, nyayo zilikuwa pana kama masinia, zimejaa maji, na mpunga umelala chini. Yule mzee hakusema neno. Aliinama, akaanza kuokota masuke yaliyosalia, moja moja.

Mtu kama huyo serikali humpa kifuta jasho. Mnyama akiua, familia hupewa kifuta machozi. Waliochagua majina hayo walisema kweli: jasho na machozi hufutwa, hayalipwi.

Tangu 2021 Kiswahili kimetajwa kisheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Ninawaomba wanaofasiri sheria za wanyamapori wasiishie kuhamisha maneno. "Nyara" ipimwe upya. Mwindaji wa kitoweo apewe jina lake, hata pale anapostahili adhabu. Na kabla kifungu hakijafungwa, kisomwe kwa sauti mbele ya wanaokesha kwenye madungu, tusikie wao wanakiitaje.

Maana Kiswahili kimeshatuonyesha njia. Kile ambacho Kiingereza hukiita "game reserve", sisi tunakiita pori la akiba. Hapo pia tumelikataa neno mchezo. Akiba haiozi, walisema wahenga; lakini akiba ina mwenyewe, anayejua kilichomo na anayetarajia kwamba siku moja itamfaa yeye na wanawe. Yule mzee wa Rufiji alilala mita chache kutoka kwenye akiba hiyo, na kila msimu yeye ndiye aliyeilisha. Tukiliita pori la akiba, basi naye tumhesabu miongoni mwa wenye akiba.