Tuhesabu Mbao Kabla ya Kununua

Wengi wetu wa Meru na Embu twajenga nyumba za mbao kwetu, na mbao huuzwa kwa futi za urefu. Basi tujue hesabu.

Ukuta wa futi 20 kwa 10 ni futi 200 za mraba. Zidisha kwa 12, gawanya kwa inchi zinazoonekana ukutani. Ubao wa inchi 6 ukilalia mwenzake inchi 1, zabaki 5: twahitaji futi 480, si 400. Ukipigwa randa hupungua tena; tuupime wenyewe. Kisha tuongeze fungu la kumi la vipande: 528.

Anayenunua 400 atakodi lori mara mbili. Mshahara wetu ni jasho, tusiupoteze njiani.