Anayesambaza Naye Ni Msemaji



Mwaka 2005 mchoraji wa vibonzo wa Kimarekani aitwaye Matt Furie alianza kuchora hadithi za chura mmoja, akampa jina la Pepe. Chura huyo alikuwa mpole, mvivu kidogo, akiishi na wenzake watatu katika nyumba moja, wakila, wakicheza na kutaniana kama wafanyavyo vijana waliotoka karibuni kwa wazazi wao. Hadithi hizo zilikuwa za mzaha mtupu. Zilichapishwa katika mfululizo wa vitabu vidogo ulioitwa Boy's Club, na wasomaji wake hawakuwa wengi.

Miaka 11 baadaye, mnamo Septemba 2016, chura huyo huyo aliingizwa katika orodha ya alama za chuki inayotunzwa na Anti-Defamation League, jumuiya ya Marekani inayopinga chuki dhidi ya Wayahudi. Jina lake likakaa katika orodha moja na alama ya Wanazi. Aliyemchora hakuwa amechora chuki yoyote. Maana ilibadilishwa na watu wengine. Yafaa basi kuuliza: kazi ya msanii hupokonywaje mikononi mwake pasipo mtu kuvunja mlango wa nyumba yake? Na nani abebe lawama?

Mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Kiasi cha mwaka 2008 kipande kimoja cha kitabu kilitolewa na kuwekwa katika 4chan, uwanja wa mtandao ambao watu huandika bila kutaja majina yao. Wengine walikipokea, wakakibadili. Chura akalizwa, akakasirishwa, akachekeshwa kwa dharau. Kwa muda huo hapakuwa na ubaya mkubwa. Mwaka 2014 hata waimbaji mashuhuri Katy Perry na Nicki Minaj walimtumia. Lakini mwaka 2015 na 2016, Marekani ilipokuwa katika joto la uchaguzi, wafuasi wa ubaguzi wa rangi walimvika chura sare za Wanazi na kumtia kinywani maneno ya kuwatukana Wayahudi, watu weusi na wahamiaji. Oktoba 2015 Donald Trump, aliyekuwa akigombea urais, alisambaza picha ya chura huyo iliyochorwa kwa sura yake yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata kampeni ya mpinzani wake, Hillary Clinton, ilitoa maelezo ya kuwaonya wananchi juu ya chura huyo.

Mchoraji hapo mwanzo hakuwa mkali. Aliona watu wanafurahi, akawaacha wafurahi. Alipozinduka, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Mwishoni mwa 2016 alishirikiana na jumuiya ile ile iliyotunza orodha, akawaomba wasanii wachore picha za wema ili jina la chura lisafishwe. Mei 2017 alimchora chura wake akiwa maiti ndani ya jeneza, wenzake wamemzunguka. Mazishi hayo hayakusaidia kitu. Muumbaji alimzika kiumbe wake, na wasiomjua muumbaji wakaendelea kumtembeza mitaani.

Ndipo akageukia sheria. Mwaka 2017 msaidizi wa mwalimu mkuu wa shule moja katika jimbo la Texas alitoa kitabu cha watoto kilichomtumia Pepe katika hadithi ya kuwakejeli Waislamu. Shauri liliishia kwa mapatano: kitabu kisiuzwe tena, na faida yote, dola 1,521.54, ikabidhiwe jumuiya ya kutetea haki za Waislamu wa Marekani. Mwaka 2018 Furie aliwashtaki Infowars, waliouza bango lenye sura ya chura wake. Mwaka 2019 wakakubali kumlipa dola 15,000.

Ushindi huo ni wa haki, lakini utazamwe kwa makini. Sheria ilimfikia aliyekuwa na jina, anwani na bidhaa dukani. Yule wa kwanza aliyemvika chura sare ya Wanazi hakufikiwa, wala maelfu waliompokea na kumpeleka mbele. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga; hapa mchuma janga alijificha, na janga likaliwa na mchoraji.

Iko pia tofauti ya sheria zenyewe. Mkataba wa Berne, ambao Marekani ilijiunga nao mwaka 1989 na Tanzania mwaka 1994, unampa msanii haki mbili: haki ya mapato ya kazi yake, na haki ya kutambuliwa kuwa mwenye kazi na kupinga upotoshaji unaoharibu heshima yake. Tanzania ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1999. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1990 inayolinda heshima ya wasanii wa uchoraji na uchongaji haigusi vitabu wala majarida. Kwa hiyo mchoraji wa vibonzo alilazimika kudai kwa njia ya mali, ilhali jeraha lake kubwa lilikuwa la heshima. Na hata sheria ikipanuliwa namna gani, hushtaki mtu, haishtaki upepo.

Watakuwapo wa kusema kwamba sanaa ya watu haikuwa na mwenyewe tangu zamani. Methali ni za wote, vitendawili ni vya wote, na kila bibi aliongeza chumvi yake katika ngano za jioni. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Bibi alisimulia mbele ya nyuso za wajukuu wake. Akipotosha, alikosolewa pale pale. Malenga wa Kiswahili mara nyingi alitaja jina lake katika beti za mwisho, na aliyemjibu gazetini naye alitia jina lake. Kuigana kulikuwapo, kubadilishana maneno kulikuwapo, lakini msemaji alijulikana. Picha za mzaha za mtandaoni zimeondoa jina la aliyechora, kisha zikaondoa na jina la aliyepotosha.

Jambo hili halikuishia ng'ambo. Mapema mwaka 2018 wachezaji wa mchezo mmoja wa kompyuta walijivika umbo la katuni, wakaiga kwa kejeli lafudhi ya Kiganda na kuyachezea maneno yenye asili katika filamu za Wakaliga, Kampala, zinazotengenezwa na Isaac Nabwana. Kazi ya furaha ya Waafrika iligeuzwa kicheko dhidi ya Waafrika.

Haki inataka pia upande wa pili usemwe. Mwaka 2019 waandamanaji wa Hong Kong walimbeba Pepe kuwa alama yao, wengi wakiwa hawana habari ya maana aliyobandikwa Marekani. Nao hawakuomba ruhusa, lakini mchoraji alifurahi. Basi suala si ruhusa peke yake. Kazi ikishatoka, msanii hawezi tena kuisimamia kila inapofika. Yanayosemwa kwayo yamo mikononi mwa wale wanaoipokea na kuipeleka.

Hapo ndipo wajibu unapowafikia mtumishi na mwalimu. Picha ikiingia katika simu ya ofisini, anayeibonyeza ili iende kwa wengine ameisema kwa kinywa chake, hata kama hakuichora. Hawezi kujitetea kwamba ameipokea tu. Ajiulize kwanza: nani aliichora, nani aliigeuza, na nani anadhalilishwa nayo? Asipopata jibu, aiache ifie kwake. Naye mwalimu anaweza kuanza na jambo dogo darasani: kila mwanafunzi anayenakili mchoro au shairi aandike chini yake jina la mwenye kazi, na kama amebadili kitu, aandike na lake. Mtoto aliyezoea kutia jina lake chini ya maneno yake atasita kusambaza maneno asiyoweza kuyatilia jina.