Jina Lililo Amana: Mhadhara wa Umma juu ya Dhima ya Wanasiasa Wanaofichua Watumishi wa Siri



Jambo nililokuja nalo ni dhima ya mtawala ambaye, baada ya kuaminiwa jina la mtu anayeitumikia dola kwa siri, hulitoa jina hilo hadharani kwa manufaa ya siasa yake. Huenda akatokea wa kuuliza kwa nini habari hii izungumzwe hapa Sakania, mji wa mpakani ambapo malori ya shaba na kazi ya forodha ndiyo maisha ya kila siku. Nami namjibu kwamba nchi ambayo madini yake hutamaniwa na dola kubwa haikosi wapelelezi, na kwamba Katanga imeishi nao tangu urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilipochukuliwa na Wamarekani katika Vita Kuu ya Pili na kutumiwa katika kuunda mabomu ya atomiki, huku wenyeji walioichimba wasiambiwe ilikokwenda wala ilichokwenda kufanya.

Tena ni urani ya Afrika iliyozua kisa mashuhuri kuliko vyote vya namna hii. Tarehe 28 Januari 2003 Rais George W. Bush, akilihutubia Bunge la Marekani, alisema kuwa serikali ya Uingereza imebaini kwamba Saddam Hussein alitafuta urani nyingi kutoka Afrika. Na miezi miwili haijapita, majeshi ya Marekani yakaingia Iraq. Lakini mwaka mmoja kabla ya hotuba ile, balozi mstaafu Joseph Wilson, mtu aliyewahi kufanya kazi Bujumbura, Brazzaville na Libreville na kuzijua desturi za serikali zetu, alitumwa Niger na shirika la ujasusi la CIA kuichunguza habari hiyo, akarudi na jawabu kwamba biashara ya namna ile haielekei kuwa ilifanyika. Alipoona kuwa vita vimepiganwa na jawabu lake halikusikilizwa, akaandika makala katika gazeti la New York Times tarehe 6 Julai 2003, akaeleza alichokiona na alichokikosa.

Siku nane baadaye mwandishi Robert Novak aliandika kwamba mke wa balozi huyo, Valerie Plame, ni mtumishi wa CIA katika mambo ya silaha za maangamizi, na kwamba maofisa wawili wakubwa wa serikali ndio waliomwambia kuwa mke ndiye aliyependekeza mumewe atumwe. Naomba tuitazame sentensi hiyo kwa utulivu, maana haikuijibu hoja ya Wilson hata kidogo: haikusema kuwa urani ilinunuliwa wala haikusema kuwa haikununuliwa. Ilimgeukia mtu aliyeleta hoja, ikamgusa nyumbani mwake, na kwa kufanya hivyo ikaimaliza kazi ya siri ya mwanamke ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitumia kivuli cha kampuni ya jina tupu kufuatilia biashara ya silaha hizo hizo ambazo serikali ilidai kuziogopa. Na jina la mtumishi wa siri likitajwa halitajwi peke yake. Kila aliyewahi kuonekana naye katika nchi za watu, aliyempa habari, aliyemkaribisha kwa chakula pasipo kujua yeye ni nani, huingia katika tuhuma siku hiyo hiyo.

Sheria ya kumwadhibu afanyaye hivyo ilikuwapo. Ilipitishwa mwaka 1982, na chimbuko lake ni msiba: Richard Welch, mkuu wa kituo cha CIA mjini Athens, aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake tarehe 23 Desemba 1975, baada ya jina lake kuchapishwa magazetini. Hata hivyo, katika kisa cha Plame hakuna aliyeshitakiwa kwa sheria hiyo. Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje, aliyekuwa wa kwanza kumwambia Novak, hakushitakiwa. Karl Rove, mshauri mkubwa wa Rais, hakushitakiwa. Aliyefikishwa mahakamani ni Lewis Libby, mkuu wa ofisi ya Makamu wa Rais Dick Cheney, naye mwezi Machi 2007 alitiwa hatiani kwa kuzuia haki, kusema uongo chini ya kiapo na kuwadanganya wapelelezi, akahukumiwa kifungo cha miezi 30 na faini ya dola 250,000. Kifungo hakukitumikia hata siku moja, kwa kuwa Rais Bush alikifuta mwezi Julai mwaka ule ule. Na mwaka 2018 Rais Donald Trump akampa msamaha kamili.

Mimi nashikwa zaidi na jambo lililotokea nje ya mahakama. Mwaka 2003 ikulu ya Marekani ilitangaza kuwa yeyote katika serikali aliyehusika na jambo lile hatabaki kazini. Lakini mwaka 2005, ilipokwisha kudhihirika kuwa Rove alizungumza na waandishi, Rais alisema kuwa atakayeondoka ni yule atakayethibitika kutenda jinai. Kati ya kauli ya kwanza na ya pili, dhima ya kisiasa ilizikwa ndani ya sheria ya jinai. Mashitaka ya jinai huhitaji ithibati ya nia na ujuzi, na ni haki yahitaji hivyo, maana yanamnyima mtu uhuru wake. Ila cheo si uhuru wa mtu, cheo ni amana ya raia, na aliyeivunja amana anastahili kuondolewa hata kama hakuna hakimu awezaye kumfunga. Serikali inayosema kwamba hakuna kosa mpaka mahakama iseme inaipa mahakama kazi ambayo ni ya bunge na ya Rais mwenyewe.

Hapo huzuka hofu ya haki: je, tukilinda majina, hatutakuwa tumelinda maovu? Jawabu lipo katika historia ya nchi yetu hii. Mwezi Novemba 1975 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilitoa taarifa juu ya njama za kuwaua viongozi wa nchi za nje, na sehemu kubwa ya taarifa hiyo inamhusu Patrice Lumumba. Ilieleza jinsi sumu ilivyopelekwa Leopoldville mwezi Septemba 1960, ni nani aliyeagiza, simu zipi za maandishi zilipelekwa na siku gani. Wala haikuwaficha wakubwa: Allen Dulles, mkurugenzi wa CIA, alitajwa kwa jina lake. Lakini mkuu wa kituo cha Leopoldville aliitwa humo Victor Hedgman, jina la kubuni. Na Larry Devlin, ambaye ndiye aliyekuwa amefunikwa na jina hilo, alikuja kuisimulia habari hiyo mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 2007. Tendo lilianikwa lote, na mtumishi akahifadhiwa. Sisemi kuwa haki ilitimia, kwani Lumumba aliuawa hapa Katanga tarehe 17 Januari 1961, mbele ya maofisa wa Kibelgiji na mawaziri wa Katanga, na waliofungwa kwa damu ile hatuwajui. Nasema tu kwamba aliyeapa kuitunza siri anaweza kuufunua uovu bila kumtupa mtu.

Kisa cha Dar es Salaam kina sura nyingine. Mwezi Juni 2012 Dkt. Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari, alitekwa, akapigwa na kutupwa katika msitu wa Mabwepande. Gazeti la MwanaHALISI likachapisha jina la mtu ambaye lilidai kuwa ni ofisa wa usalama aliyekuwa akiwasiliana naye. Tarehe 30 Julai serikali ikalifungia gazeti kwa muda usiojulikana kwa madai ya uchochezi, na ni mwaka 2015 tu Mahakama Kuu ilipoibatilisha amri hiyo. Gazeti lile halikuwa limekula kiapo cha siri. Lilikuwa linauliza nani alimtesa raia. Kuliweka katika fungu moja na maofisa wa Washington waliomtaja mwanamke asiye na kosa ili wamwadhibu mumewe ni kukosa kupambanua, na wala sioni aibu kusema kuwa mhariri yule alikuwa karibu zaidi na wajibu wake kuliko waliomfungia.

Kwetu Kongo, amri ya sheria ya Januari 2003 iliyoiunda ANR, shirika la taifa la upelelezi, iliiweka chini ya Rais wa Jamhuri, na ikamtaka mwendesha mashitaka, kabla ya kumshitaki mtumishi wa ANR, atake kwanza rai au idhini ya mkuu wa shirika hilo. Kwa hiyo ulinzi wa mtumishi uko mkononi mwa wakubwa wake, na wakubwa hao wanaweza kumkinga mtesaji leo na kumtoa kafara mtumishi mwadilifu kesho. Ningependa wabunge wetu waipeleke idhini hiyo kwa jaji, tena waandike kwamba waziri au mshauri atakayetoa jina la siri kwa sababu za siasa aachie kazi siku ambayo bunge litathibitisha kuwa alilitoa, pasipo kungoja hukumu ya jinai.

Na kuna deni lililo karibu nasi zaidi. Ng'ambo ya mpaka huu, karibu na Ndola, usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka alipokuwa akienda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Jaji Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, aliyepewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuichunguza upya habari hiyo tangu mwaka 2015, ameandika katika taarifa zake kuwa yumkini ndege ile ilishambuliwa, na kwamba zipo serikali, Uingereza na Marekani zikiwamo, ambazo karibu hapana shaka bado zinazo habari ambazo hazijatolewa katika majalada ya majasusi na ya majeshi yao. Majina ya watumishi yaliyomo humo yanaweza kufutwa au kubadilishwa, kama Seneti ilivyofanya mwaka 1975, na matendo yao yakatolewa.