Barafu Ieleayo, na Maji Yetu ya Ndungu

Mazungumzo ya leo yahusu barafu. Najua yuko atakayeuliza, "Sisi watu wa Ndungu, tukaao chini ya milima katika joto la nyika ya Mkomazi, tuna nini na barafu?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla ya kuagana. Kwanza na tuifahamu barafu yenyewe.

Katika ncha ya kusini ya dunia iko nchi kubwa iitwayo Antaktika, ambayo karibu yote imefunikwa na barafu. Theluji huanguka huko mwaka baada ya mwaka wala haiishi kuyeyuka. Ya juu huikandamiza ya chini hata ikawa barafu ngumu. Wengi hudhani kwamba kitu kigumu hakiwezi kutiririka. Sivyo. Barafu ikiwa nene sana, uzito wake wenyewe huisukuma, nayo huenea polepole kama uji mzito uliomiminwa katika sinia. Hutelemka kutoka bara hata pwani, kisha husonga mbele juu ya bahari bila ya kukatika. Sehemu ile iliyo juu ya maji huelea, nayo ni kama sakafu kubwa, ambayo unene wake waweza kuwa mamia ya meta.

Adui za sakafu hiyo ni watatu. Wa kwanza ni maji ya bahari yenye uvuguvugu, ambayo huila kwa chini, mahali pasipoonekana. Wa pili ni kujaa na kupwa kwa maji: kila siku bahari huiinua na kuishusha, nayo hupindika pale inapoachana na nchi kavu, hata ikapata nyufa. Wa tatu ni jua la kiangazi. Likiwaka, madimbwi hutokea juu ya barafu, na maji yake huingia katika nyufa. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko barafu, huupanua ufa kwenda chini, kama kabari ya mpasua magogo, mpaka utokee upande wa pili.

Hayo ndiyo yaliyoipata sakafu iitwayo Larsen B mwaka 2002. Kilometa za mraba 3,250 za barafu, eneo lipitalo nusu ya Wilaya nzima ya Same, zilivunjika vipande vipande katika muda wa kama mwezi mmoja.

Je, bahari ilijaa kwa sababu hiyo? Wanafunzi, fanyeni jaribio. Tieni maji na vipande vya barafu katika bilauri, pigeni alama mahali maji yalipofika, kisha ngojeni barafu iyeyuke. Mtaona maji hayakupanda, maana kitu kieleacho kimekwisha kuchukua nafasi yake majini. Basi hasara iko wapi? Wazee wetu wa Upare, waliojenga ndiva za kukusanyia maji ya mashamba, watafahamu upesi. Kingo za ndiva zikibomoka, maji yaliyotulia nyuma yake hutoka mbio. Vivyo hivyo, Larsen B ilipokwisha kuondoka, barafu ya bara iliyokuwa nyuma yake ilikwenda baharini kwa kasi iliyozidi ya kwanza mara nyingi. Barafu hiyo ya bara ni mgeni baharini, nayo ndiyo iinuayo maji.

Sasa turudi kwetu. Barafu ya Kibo haielei, maana imekaa juu ya mwamba, karibu na kilele chenye meta 5,895. Mmisionari Rebmann alipoiona mwaka 1848 na kuandika habari zake, mabingwa wengine wa Uingereza walikataa kusadiki, ingawa Wachagga waliokuwa chini yake waliijua tangu zamani. Mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kilometa za mraba kama 12. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Huko juu hewa ni baridi mno, lakini jua hupiga kuta za barafu, nao mwamba mweusi uliopata moto huila misingi yake. Barafu nyingine hugeuka mvuke bila ya kuwa maji kwanza. Theluji mpya nayo imepungua, hata haitoshi kuziba pengo. Mwaka 2012 ilionekana kwamba uwanja mkubwa wa barafu wa kaskazini umegawanyika sehemu mbili. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu zilizo katika mahali pa urithi wa dunia barani Afrika yamkini zitatoweka kufikia mwaka 2050.

Wako wasemao kwamba barafu ya Kibo ikiisha, mito yote itakauka. Tazameni kilele chetu cha Shengena, chenye meta 2,462. Hakina barafu hata chembe, na mito yatelemka milimani kwetu. Maji hayo ni ya mvua na ukungu, yaliyopokewa na misitu na kuachiliwa kidogo kidogo. Hata kwenye Kilimanjaro, sehemu kubwa ya maji hutoka katika mvua na msitu, si katika barafu.

Hili ndilo jibu nililoahidi. Maji yanyweshayo mpunga wa Ndungu hutoka mto Yongoma, na yanayosalia kupita Mkomazi huingia mto Pangani, hata pwani. Huko mtoni Pangani, maji ya chumvi yamekuwa yakipanda kuelekea bara na kuharibu mashamba. Bahari inayojaa kwa barafu ya mbali yasukuma upande mmoja. Mto uliopungua nguvu washindwa kuirudisha. Kuizuia barafu ya Antaktika si kazi ya kijiji kimoja, bali ni ya mataifa yote, hasa yale yachomayo makaa na mafuta kwa wingi. Lakini mti wa mlimani na mfereji usiovuja vimo mikononi mwetu. Mwenye kukata msitu wa chanzo hamnyimi jirani yake peke yake. Amnyima pia mkulima wa Pangani asiyemjua.