Tambi za Pakiti kwenye Daku: Tunakula au Tunajidanganya?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Githongo, alasiri kabla ya futari.)

Masheikh na maustadh wetu, wazazi wetu, kaka na dada zangu. Ustadh aliponiita nizungumze juu ya afya katika mwezi huu mtukufu, aliniambia, "Wewe uko chuo, tutafutie kitu cha kisayansi." Mimi sisomei udaktari, nasomea takwimu. Kwa hivyo nimeona nizungumze juu ya kitu ambacho angalau nimekila sana. Nacho ni tambi za pakiti, zile za dakika tatu, ambazo wengi wetu tunaziita zote kwa jina la kampuni moja hata zikiwa za kampuni nyingine. Naona vijana wameanza kucheka. Anayecheka ana pakiti chini ya kitanda.

Tuelewane kwanza. Sisemi juu ya zile tambi za Mombasa za sukari na iliki zinazopikwa futari. Hizo zina mashauri yake, siku nyingine. Nasema hizi zilizojikunja, zenye kikaratasi cha viungo ndani.

Ndugu zangu, mwaka jana nilianza kupunguza mwili. Sio mambo ya urembo. Baba yangu mkubwa alikatwa mguu kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, na siku nilipomwona anajaribu kusimama kuswali, nilirudi nyumbani nikajitazama. Nikaamua. Nikaacha chapati. Nikaacha mandazi. Chai nikainywa bila sukari, na mnajua sisi watu wa Githongo tunalima majani chai, kiwanda tuko nacho hapa hapa, na chai bila sukari kwetu ni kama adhabu. Nilivumilia.

Lakini usiku, saa nne hivi, njaa inakuja. Hosteli hairuhusu jiko, ila jagi la umeme kila mtu analo. Basi namimina maji ya moto, nafunika bakuli kwa daftari, dakika tatu nakula. Nilikuwa najiambia, hii ni pakiti ndogo, gramu 70 tu, hata sahani haijai. Wiki sita zilipita na mizani haikusonga. Nikailaumu mizani.

Siku moja nikageuza ile pakiti nikasoma maandishi ya nyuma. Na hapa ndipo nilipojionea aibu, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma pakiti! Tangu madrasa tumefundishwa kutafuta alama ya halali. Tukienda kibandani, mwenzetu akitaka kuongezewa soseji kwenye tambi zake, tunauliza hadi muuzaji anachoka: nyama hii imechinjwa na nani? Vizuri sana, na tuendelee hivyo. Lakini tukishaona alama ya halali macho yanafunga. Aya ya 168 ya Suratul Baqara inataja maneno mawili pamoja, halali na twayyib. Kilichoruhusiwa, na kilicho kizuri. Mimi nilikuwa nasoma nusu ya kwanza tu.

Nusu ya pili ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo. Pakiti ile ilikuwa na kalori zaidi ya 300. Nikashangaa, kitu chepesi hivi kinatoa wapi kalori 300? Jibu liko katika namna zinavyotengenezwa. Unga wa ngano mweupe unakandwa, unakatwa nyuzi nyembamba, unapitishwa kwenye mvuke uive, halafu unatumbukizwa kwenye mafuta ya moto, mara nyingi ya mawese, kwa dakika moja au mbili. Mafuta yanafukuza maji na kuacha vitundu vidogo vidogo, na ndio maana ukiweka maji ya moto yanaingia upesi. Huo ndio ujanja wenyewe. Aliyeubuni ni Momofuku Ando, huko Japani, mwaka 1958. Nchi ilikuwa imepitia njaa kali baada ya vita, na kilichotakiwa ni chakula kisichooza, cha kupikwa bila taabu. Hatuwezi kumlaumu. Chakula cha shida ni neema wakati wa shida. Mwaka 2023 dunia ilikula zaidi ya pakiti bilioni 120.

Kwa hiyo mimi niliyekimbia chapati kwa sababu ya mafuta, nilikuwa nakula ngano iliyokaangwa. Tofauti ni kwamba chapati nilimwona mama akiikaanga, hii sikuiona. Tena chapati na maharagwe inakushibisha mpaka asubuhi. Tambi zile peke yake hazina nyuzinyuzi za maana, protini ni kidogo, na baada ya saa mbili tumbo linauliza tena. Ndipo unafungua pakiti ya pili.

Sasa, nisije nikapitiliza. Kuna habari zinazozungushwa kwenye simu, ati tambi hizi zimepakwa nta, ati zinakaa tumboni siku nne, ati ni plastiki. Nimezitafuta, hazina msingi. Hazishikani kwa sababu zimekaangwa, basi. Tusieneze uongo hata kama nia yetu ni kuwatisha watu wale vizuri. Vile vile kuna utafiti wa mwaka 2014 juu ya watu wazima zaidi ya elfu kumi wa Korea Kusini. Uliona kwamba wanawake wanaokula tambi hizi mara mbili kwa wiki au zaidi walikuwa na dalili zaidi za matatizo ya moyo na sukari: kiuno kikubwa, presha, mafuta mabaya kwenye damu. Mimi kama mwanafunzi wa takwimu nawaambia, utafiti huo unaonyesha mambo mawili yanatembea pamoja, hauthibitishi kwamba moja limeleta lingine. Lakini chumvi yenyewe haihitaji utafiti wa Korea.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa nyinyi mlio mbali na nyumbani kama mimi.

Mama yangu ana presha. Anaishi peke yake siku nyingi, sisi watoto tumetawanyika. Ramadhani iliyopita nilipata pesa kidogo, nikasema nimfurahishe. Nikamnunulia katoni nzima ya tambi. Nilimwambia, "Mama, daku usihangaike kuwasha moto saa kumi usiku na baridi hii." Mnaijua baridi yetu, mlima uko hapo juu. Mama aliniombea dua ndefu kwenye simu mpaka nikajiona mtoto wa maana sana.

Wiki ya tatu ya mfungo jirani akanipigia. Mama kichwa kinamuuma, anaona giza, amepelekwa kliniki. Nilisafiri siku hiyo hiyo. Nilimkuta ameketi kwenye benchi, presha imepanda kuliko ilivyokuwa miezi yote. Muuguzi akamwuliza, "Mama, dawa unameza?" Anameza, daktari alishampangia za futari na za daku. "Chumvi umepunguza?" Mama akasema kwa fahari kabisa, "Chumvi siweki tena hata kidogo. Nakula zile tambi za mtoto, zina viungo vyake."

Muuguzi alinitazama. Hakusema kitu.

Mama alikuwa anamimina kikaratasi chote. Kwani kimewekwa cha nini? Na supu alikuwa anainywa yote, kwa sababu amelelewa kutomwaga chakula, na kwa sababu alisikia supu inatia nguvu mfungaji. Daku pakiti moja, na siku nyingine futari pia. Hebu tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, hapo ni pamoja na chumvi ya mboga, ya mkate, ya kila kitu. Kwenye pakiti hawaandiki chumvi, wanaandika sodiamu. Chukua ile namba ya sodiamu uizidishe kwa mbili na nusu, utapata chumvi. Ikiwa pakiti ina sodiamu miligramu 1,000, hiyo ni gramu mbili na nusu za chumvi. Nusu ya siku nzima, kabla ya adhana ya alfajiri. Pakiti mbili, siku imekwisha.

Wala mama si peke yake. Utafiti wa wizara ya afya wa mwaka 2015 ulikuta kwamba hapa Kenya karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na wengi hawajijui. Tazameni safu mliyokaa.

Alhamdulillahi, mama alipata nafuu. Lakini neno lililonichoma hakulisema kliniki, alilisema nyumbani. Nilipomwambia tambi hizi basi, alinyamaza kidogo akasema, "Sawa mwanangu. Lakini maharagwe yanataka kuni, na kuni ni nani ataniletea?"

Kaka na dada zangu, sikuwa na jibu. Ile katoni ilikuwa njia yangu ya kutokuja nyumbani. Nilikuwa nimenunua nafasi ya kutobeba kuni.

Kwa hivyo siwezi kusimama hapa nikasema tu "acheni". Watu wanakula tambi kwa sababu gesi ni ghali, kuni ziko mbali, muda hakuna, na mtu yuko peke yake. Ukimwondolea pakiti bila kumpa kitu, umemwacha na njaa. Mimi na ndugu zangu tumepanga zamu. Kila Jumamosi mmoja wetu yuko nyumbani. Maharagwe yanalowekwa usiku wa Ijumaa, maji yale yanamwagwa, na hapo yanaiva kwa kuni chache zaidi. Tunachemsha mengi. Yanayobaki yanaingia kwenye friji ya jirani, Mungu amlipe. Daku mama anapasha tu. Ndizi za kuchemsha, nduma, viazi vitamu, maziwa ya ng'ombe wetu, uji wa wimbi. Vyote hivi viko Githongo, hata gari havijapanda. Ajabu ni kwamba tunauza ndizi ili tununue ngano iliyokaangwa.

Na daku yenyewe ina umuhimu kwetu. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu haubadiliki. Ramadhani ije Desemba au Juni, tunafunga saa kumi na tatu na dakika kadhaa. Ndugu zetu wa Ulaya kuna miaka wanafunga saa kumi na nane, na kuna miaka wanafunga chini ya saa kumi na moja. Mtu aliyekunywa supu ya chumvi saa kumi alfajiri, akienda kuchuma majani chai, saa tano tu ulimi umekauka. Halafu anasema swaumu ya leo ni kali.

Wale ambao bado mtakula, na najua mtakula, mimi mwenyewe juzi nilikula, fanyeni hivi. Chemsha tambi, yamwage yale maji. Kikaratasi cha chumvi weka nusu au chini ya nusu, na usiongeze kiungo kingine cha pakiti juu yake. Katia sukuma wiki au karoti, weka yai moja au mawili. Tambi ziwe kidogo, mboga ndio ziwe nyingi. Supu iache. Mwenye presha, hata hiyo nusu aulize daktari kwanza. Na isiwe kila siku. Mtume (S.A.W.) ametufundisha tumbo tuligawe mafungu matatu, chakula, maji na pumzi. Bakuli la hosteli halina fungu la pumzi.

Jambo la mwisho, na ndilo hasa lililonileta. Jumuiya yetu kila mwaka inagawa vifurushi vya futari kwa wajane na wazee. Mwaka jana mimi nilikuwa kwenye kamati ya kufunga. Tuliweka mchele, sukari, mafuta, na tambi pakiti kumi kwa kila nyumba, kwa sababu ni nyepesi kubeba na bei yake si kubwa. Hao wazee ndio wenye presha, ndugu zangu. Hakuna aliyewauliza. Mwaka huu napendekeza pesa za tambi zinunue maharagwe na unga wa wimbi kutoka sokoni hapa hapa, na kila nyumba ya mzee anayeishi peke yake ipewe pia mzigo mmoja wa kuni. Kuni zipo, wapo waliokubali kutoa. Kinachokosekana ni migongo ya kuzibeba. Karatasi ya majina iko kwa ustadh pale mlangoni, tunaanza Jumamosi baada ya swala ya alfajiri. Mimi nimeandika jina langu upande wa juu, kwa mama yangu na nyumba mbili za jirani.