Daftari la Stoo ya Polisi

Natumaini mmekwisha kuketi, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Jioni ya leo hatutasoma hadithi. Tutajifunza kusoma na kuandika daftari la stoo, na stoo tuliyoichagua ni ya kituo cha polisi.

Labda mama mmoja anayeuza nazi pale Kariakoo atauliza, "Mwalimu, stoo ya polisi yanihusu nini?" Yakuhusu, mama, na sababu utaisikia. Kwanza nikwambie kwamba kazi yenyewe unaijua. Asubuhi umeshushiwa nazi 200. Umeuza 130. Kama zilizobaki si 70, kijana wako atakueleza. Hata jina la Kariakoo latokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi mahali pale katika Vita Kuu ya Kwanza. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Vita vilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na sababu moja ni kwamba majina na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa. Basi mtaa wetu wenyewe wajua hasara ya daftari bovu.

Haya, tuingie stoo. Mna buti, mikanda, makoti ya mvua, tochi, marungu, filimbi na pingu. Katika chumba cha peke yake, chenye mlango madhubuti na kufuli, mna bunduki na risasi. Chumba hicho huitwa ghala la silaha.

Vitu hivi havihesabiwi kwa njia moja. Filimbi huhesabiwa kwa idadi tu: ziliingia 40, zimetolewa 12, zimebaki 28. Lakini bunduki haiandikwi "bunduki moja". Kila bunduki ina namba yake iliyochongwa katika chuma, na namba hiyo ndiyo jina lake. Mtu akitoa bunduki nzuri akarudisha mbovu, idadi haitabadilika. Namba ndiyo itakayomsema.

Sasa chukueni kalamu. Pigeni mistari, mpate vyumba sita. Juu yake andikeni: Tarehe na saa. Kitu na namba yake. Aliyetoa. Aliyepokea. Saa ya kurudishwa. Zilizobaki. Nitangoja kidogo.

Tufanye mfano. Stoo ina pingu 15, nazo zimetiwa namba 1 mpaka 15. Saa kumi na mbili asubuhi askari sita wanaingia zamu, kila mmoja anachukua pingu moja na kutia sahihi. Zimebaki ngapi? Tisa. Jioni zinarudi tano. Zimekuwa 14. Moja haipo. Pasipo daftari, askari wote sita watatazamana kwa jicho baya, na mtunza stoo atakuwa wa kwanza kushukiwa, kwa kuwa ufunguo ni wake. Penye daftari, twasoma mstari mmoja tu: pingu namba 7, aliyepokea ni fulani, sahihi yake hii hapa. Huenda fulani huyo si mwizi. Huenda bado yuko njiani na mtuhumiwa. Lakini sasa twajua wa kumwuliza, na wale watano waende nyumbani kwao wakale.

Mnaona, basi, daftari hili si la kukamatia watu tu. Kwa maoni yangu kazi yake kubwa ni kumlinda asiye na kosa.

Ukikosea, usifute kwa kisu wala kwa mate. Kata kwa mstari mmoja, neno la kwanza liendelee kusomeka, andika lililo sahihi juu yake, kisha utie sahihi. Na uandike palepale, kitu kinapotoka mkono huu kwenda mkono ule. Mimi mwenyewe niliwahi kuazima taa nne kwa ajili ya darasa, nikasema nitaandika kesho. Zilirudi tatu. Nilimlaumu mzee wa watu aliyekuwa akifungua mlango, na wiki ya pili taa ya nne ikaonekana nyumbani kwangu, nyuma ya kabati. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, jambo lililonitia haya zaidi.

Sasa nimjibu mama wa nazi. Usiku wa tarehe 12 Julai 1915? La, samahani, nimesoma vibaya: 2015. Mnaona jinsi tarakimu moja inavyopotosha! Usiku ule majambazi walivamia Kituo cha Polisi Stakishari, hapa Dar es Salaam, wakaua watu, wakiwamo askari, wakapora bunduki. Siku chache baadaye polisi walitangaza kwamba wamepata bunduki huko Mkuranga, na kwamba miongoni mwake zimo za Stakishari. Bunduki za aina moja hufanana kama nazi zako. Chuma kina namba, lakini namba hiyo haina maana kama haikuandikwa mapema katika daftari la kituo. Mwaka 2004 nchi za eneo letu zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi, na moja ya ahadi zake ni kutia alama bunduki za serikali na kuweka kumbukumbu zake.

Tena, stoo ya polisi hutunza mali yako uliyoibiwa, iliyokamatwa kwa mwizi. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza katika hukumu kwamba kielelezo hutakiwa kuwa na maandishi yanayofuatana: nani alikikamata, nani alikitunza, kilipelekwa kwa nani. Pakiwa na pengo, wakili atasimama na kuuliza, "Mtajuaje kuwa baiskeli hii ndiyo ile?"

Kazi ya nyumbani. Stoo ina tochi 24. Jumatatu zimetolewa 9, zimerudi 7. Jumanne zimetolewa 5, zimerudi 5, na mbili za Jumatatu hazijaonekana. Jazeni vyumba vyote sita, mkitunga majina na saa. Mwenzako akague hesabu yako, kisha naye atie sahihi.