Ile Nyumba ni ya Nani?

Mazungumuzo yaliyotolewa na musimamizi wa komisio ya makao mbele ya mukutano mukuu wa wamemba, Lubumbashi



Kuko mambo mawili yenye wamemba wanakuja kuniuliza kila siku. La kwanza ni masomo ya watoto, na juu ya hilo mwalimu wetu amekwisha kusema asubuhi. La pili ni nyumba. Nitasema wazi, kwa sababu kisanduku chetu kinaombwa sasa kukopesha wamemba feza za kununua nyumba, na wale wenye kutoa feza wana haki ya kujua inaingia fasi gani.

Wengi wetu ni watu wa Moba, Pweto, Kalemie. Vita ya 1998 ilitupeleka Zambia: hawa Kala, hawa Mwange, wengine mbali kule Meheba. Wakati HCR ilianza kuturudisha katika 2007, wengine walivuka ziwa, wengine walipita Pweto kwa camion. Kiisha tukaja huku Lubumbashi juu ya kazi na masomo. Leo tumechoka kulipa garanti, tumechoka kuhama kila mwaka na magodoro juu ya pusipusi. Mutu anasema: hata chumba mbili tu, ila ziwe zangu. Nasikia hiyo sana. Lakini haraka hiyo ndiyo komisionere anaitafuta machoni mwako.

Tuanze na udongo. Tunasema tu «nilinunua parsele», lakini sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali, na hauwezi kuuzishwa. Kile unachonunua ni haki ya kutumia ile fasi, pamoja na nyumba yenye imejengwa juu yake. Haki hiyo inaitwa konsesio. Raia wa Kongo anaweza kupewa konsesio ya milele. Mugeni hapana, na shirika kama letu pia hapana: lenyewe linapata konsesio ya kawaida, isiyopita miaka 25, ijapokuwa inaweza kufanywa upya. Kuko rafiki mumoja alituandikia kwamba ingekuwa vizuri shirika linunue nyumba kwa jina lake, kisha ligawie wamemba. Tulimushukuru, na tulimujibu hivi: mumemba akinunua kwa jina lake mwenyewe anapata haki kubwa kuliko ile shirika linaweza kumupatia. Hapo pia muelewe juu ya nini tunawasumbua na karatasi za uraia na za kuzaliwa kwa watoto waliozaliwa kambini.

Sasa, haki hiyo inaonyeshwa na karatasi moja: sertifika ya anrejistrema, yenye inatoka kwa konservateri wa titri. Akti ya kuuzisha, hata kama mumetia sahihi mbele ya shefu wa kartie na mashahidi, inaonyesha tu kwamba mulipatana. Fishi ya parsele ya komini inaonyesha nani anajulikana pale. Kile kitabu cha zamani, livre ya lojeri, chenye wazee wengi wa Katuba na wa komini ya Kenya wangali wanachunga ndani ya sanduku, kina maana kubwa, kwa sababu kinaweza kufungua mulango wa kuomba sertifika. Lakini hakiko sertifika. Muuzishaji akikuonyesha kitabu hicho na kusema «karatasi zote ziko», umujibu kwa heshima kwamba moja ingali inakosekana, na bei ishuke.

Na hata sertifika yenyewe, usiiangalie mukononi mwake tu. Photocopie inaweza kufanywa na kila mutu. Chukua namba yake, uende kwa konservateri, uombe waangalie ndani ya registre kama jina ni lile lile, kama nyumba haikuwekwa rehani, kama haiko tribinali. Sheria inatoa miaka 2 ya kushambulia sertifika iliyotolewa kwa makosa ao kwa ujanja. Ikipita, mwenye kuzulumiwa anabakia kudai malipo tu, nyumba imekwenda. Wezi wanaijua hesabu hiyo vizuri. Na sisi tuijue.

Kuko jambo la luga. Wenye kukomalia Tanzania munajua kwamba kule «kuuza» ni kutoa kitu upate feza. Huku Lubumbashi mutu akisema «niliuza nyumba» anataka kusema aliinunua. Mwenye kutoa ndiye «anauzisha». Tunacheka, lakini nimekwisha kuona karatasi ya mukono, imeandikwa Kiswahili na watu wawili wenye nia njema, yenye haijulikane ndani yake nani alilipa nani. Andikeni akti kwa Kifaransa, musomewe kwa Kiswahili pole pole, na majina yote yawe kama kwenye karte.

Nani anauzisha? Hapo ndipo wengi wanaangukia. Mama mumoja wa shirika letu alilipa nyumba kwa mutoto wa kwanza wa marehemu. Kijana mwenye adabu, alikuwa na ufunguo, alikuwa na livre ya baba yake. Miezi mitatu nyuma, dada zake wawili walifika kutoka Likasi na mama yao mujane. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna mutu aliwauliza tu. Nyumba ya marehemu ni ya waritini wote, wanaume na wanawake, na mujane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba yenye alikaa na bwana yake. Ni kusema: bila sahihi ya wote, na karatasi ya tribinali juu ya uriti, hakuna muuzishaji. Na kama mwenyewe yuko muzima na ameoa, Kodi ya Familia inaomba ukubali wa bibi na bwana wote wawili ili konsesio itoke mukononi mwao, hata kama jina kwenye sertifika ni la bwana peke yake. Wababa, nawaomba musinunike: sisi pia, tukinunua, tuandike majina mawili. Tangu mageuzi ya 2016, mwanamuke mwenye ameolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana kwa kufanya mapatano. Lakini ndoa zetu nyingi zilifungwa kambini, mbele ya wazee na muchungaji, na hazikuandikwa kwa etasivili. Mujane wa ndoa kama ile atajitetea na nini?

Sasa nafika kwa jambo lenye lilileta makelele katika mukutano uliopita. Wengine walisema: tununue wote fasi moja, kando ya muji, katika komini Annexe, tukae sisi kwa sisi. Bei ni ya chini, na hakuna mutu wa kutuuliza tumetoka wapi. Naelewa. Mutu aliyefukuzwa anatafuta ukuta wenye mugongo wake unaweza kuegemea. Lakini nina mambo mawili ya kujibu.

Kwanza, viwanja vingi vya kule vinatoka kwa shefu wa inchi, ao viko karibu na konsesio za madini, ao kando ya reli na chini ya waya kubwa za umeme. Karatasi ya shefu wa inchi peke yake haikupi konsesio. Utajenga, na siku moja kutapita mutu na rangi nyekundu, ataandika musalaba juu ya ukuta wako.

Pili, muangalie huu muji. Tangu 1910 Lubumbashi imejengwa na watu wenye kutoka mbali: Waluba wa Kasai na wa Katanga, Wabemba, Walunda, Watetela, Wasonge, na sisi Watabwa na watu wa ziwa. Katika avenyu moja ya Katuba utasikia luga tano mbele ya robine moja. Siku kunatokea mabishano ya parsele, tribinali inauliza majirani. Jirani wa kabila lingine, wa kanisa lingine, akisema «huyu nilimuona ananunua, nilikuwapo», neno lake lina uzito kuliko la shemeji yako. Na tusisahau: wakati matata yalifika, wale wenye walikuwa wanakaa fasi moja walikutwa fasi moja.

Lazima niguse na 1992 na 1993, hata kama hatupendi. Watu wa Kasai walifukuzwa katika Katanga, zaidi sana Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye magare wakingojea treni, na wengi waliacha nyumba ao waliziuzisha kwa bei ya aibu. Nyumba kama hizo zingali zinatembea kutoka mukono kwa mukono. Kama unaletewa nyumba ya bei ya chini sana, uliza ile nyumba ni ya nani, na mwenyewe alienda wapi, na kwa sababu gani. Sisi tulirudi tukakuta watu wanapika katika majiko yetu. Wengine kati yenu mungali munazungushwa juu ya mashamba yenu kule Moba. Kisanduku cha shirika la warudi hakiwezi kulipa nyumba ya mutu aliyekimbia. Kwa hilo sitakubali kura ya kati na kati.

Mambo madogo, haraka. Musinunue nyumba mwezi wa 7, kwa sababu mwezi wa 7 kila parsele ni nzuri na kavu. Pita pale mwezi wa 1, siku ya mvua, uone maji yanapita wapi. Pita usiku, uone kama taa zinawaka. Uliza wamama wanateka maji saa ngapi na mbali gani. Tafuta mawe ya mupaka, na jirani akuonyeshe yake. Na lokateri wenye wako ndani, jua garanti yao iko kwa nani, kusudi wasikudai wewe.

Tunaomba mupige kura hivi. Mukopo usipewe mumemba mukononi, upite kwa akti mbele ya notere, kisha komisio imekwisha kwenda kwa konservateri. Na sehemu ya mukopo ibakie ya makaratasi. Tuseme nyumba ni dola 9,000: mumemba mwenye 9,000 kamili hana nyumba, kwa sababu hana cha kulipia mutasio, ni kusema kubadilisha jina kwenye titri, na ataishi miaka yote na jina la mutu mwingine. Heri atafute ya 7,500. Marafiki wenye kutoa, tunajua mungependa kuonyeshwa nyumba nyingi kwenye picha. Mwaka huu tutawaonyesha chache, lakini kila moja na sertifika yake.

Wenye wamekwisha kulipa avansi wasingojee kura: walete karatasi zao kwa mama sekreteri leo, mbele ya kutoka, hata kama ni ya mukono tu.